Mtambuu Hauna Mirathi

Pemba mti una mwenyewe, na mwenyewe wa mti si lazima awe mwenyewe wa ardhi. Mtu anaweza kumiliki mkarafuu uliosimama katika shamba la mwenziwe, na akifa, watoto wake wakaurithi mti huo bila ya kurithi hata kiganja cha udongo ulioko chini yake. Mgeni akisikia hivyo hushangaa. Sisi ndivyo tulivyozaliwa, hatuoni la ajabu.

Kwa hiyo Bibi yangu, mama yake Baba, alipofariki hapa Mgogoni, na siku za msiba zikapita, watu wazima walikaa barazani na daftari. Wakahesabu mikarafuu 14, minazi 9, miembe miwili, mipopoo mitatu na mfenesi mmoja mkubwa wa uwani. Mwanamume akapata mafungu mawili, mwanamke fungu moja, kama sheria inavyosema. Hakuna aliyegombana, alhamdulillahi. Baba akapata minazi ya karibu na nyumba, Shangazi akapata mipopoo na sehemu yake ya mikarafuu, na mfenesi ukamwangukia Ami, mdogo wake Baba.

Mtambuu haukutajwa na mtu. Nami sikushangaa, maana hata Bibi mwenyewe sidhani kama angeutaja. Lakini mtambuu ule ulikuwa umepanda juu ya mfenesi uleule, tangu shinani mpaka kwenye panda ya tatu, na Ami alikuwa keshazungumza na fundi wa mbao.

Mkarafuu umeandikwa sana. Ulifika visiwani kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Kimbunga cha Aprili 1872 kikaiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu ikawa zaidi habari ya Pemba. Leo kisheria huiuzi popote ila kwa shirika la serikali, ZSTC, na ina mizani, ina vituo, ina bei inayotangazwa redioni. Hata fasihi yetu haikuusahau. Mashamba ya mabwana wa zamani na watumishi wa majumbani mwao yamo katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya Adam Shafi, na wanafunzi wa sekondari wameyasoma. Tambuu nayo imo vitabuni, lakini tazama vizuri utaiona iko wapi: mkononi mwa bibi kizee aliyekaa pembeni, anatafuna huku wakubwa wakizungumza. Inapita kama kanga au kikombe cha kahawa. Nani aliyeipanda jani lile, na ilikuaje ikafika kwenye sinia, mwandishi hana haja nayo.

Mimi nina haja nayo, kwa sababu jani lile ndilo lililoninunulia daftari.

Kwa ambaye hajauona, mtambuu ni mmea unaotambaa na kupanda. Jani lake lina umbo la moyo, linang'aa juu, na ukilitafuna linawasha kidogo kisha linaacha ubaridi mdomoni. Ni ndugu wa mpilipili manga kabisa. Wataalamu wa mimea wanauita *Piper betle*, na mpilipili manga wanauita *Piper nigrum*. Ukivipanda jirani, mtu asiyejua atavichanganya mpaka pilipili ianze kuzaa. Shina lake lina vifundo, na kila kifundo kinatoa vijizi vifupi vinavyoshika gome la mti. Haunyonyi mti ule, unauegemea tu. Unapenda kivuli lakini si giza, unapenda maji lakini hautaki kusimama ndani ya maji. Bibi alikuwa akisema, "Mtambuu kama mwari, ukimwacha juani anaharibika, ukimfungia ndani pia anaharibika."

Mtambuu una mmea dume na mmea jike mbalimbali, na katika bustani za watu ni nadra kuuona ukitoa mbegu. Hakuna anayepanda mtambuu kwa mbegu. Unakata kipande cha shina, unakifukia, kinaota. Ndiyo kusema mtambuu wa Bibi haukuwa mtoto wa mtambuu wa mama yake. Ulikuwa ni ule ule. Bibi alikuja nao Mgogoni alipoolewa, kabla ya Mapinduzi ya 1964, vipando vitatu vimefungwa ndani ya kitambaa kibichi, vimetiwa kwenye pakacha pamoja na sahani zake. Na mama yake naye alipewa na mtu. Ukiurudisha nyuma hivyo, mkono kwa mkono, hufiki kwenye mbegu. Unafika baharini.

Neno lenyewe linaonyesha njia. Kisanskriti husema *tambula*, Waajemi na Waarabu wakasema *tambul* na *tanbul*, sisi tukasema tambuu. Wazungu nao walilitwaa jina jengine la jani hilohilo kutoka Kusini mwa India kupitia kwa Wareno, wakapata *betel*. Jani moja, bandari nyingi.

Ibn Battuta aliposhuka Mogadishu mwaka 1331, kitu cha mwanzo alicholetewa kutoka kwa sultani kilikuwa sahani ya majani ya tambuu na popoo, pamoja na maji ya mawaridi. Hakupewa chakula kwanza, alipewa tambuu. Kisha akaendelea Mombasa na Kilwa, na katika kurudi akapita Dhofar, ambayo leo iko Oman, na huko ndiko alikokaa akaueleza mmea wenyewe. Anasema hupandwa kama mzabibu, hutengenezewa chanja za matete, au hupandwa karibu na mnazi ili uupande. Anasema hauna tunda, unatakiwa kwa ajili ya majani yake tu. Nilipoyasoma maneno hayo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana ni kama mtu aliyesimama uwani kwetu. Karibu miaka 700 imepita, na maelekezo hayajabadilika hata kidogo. Mwandishi yule aliona watawala na misikiti na vita, lakini pia aliinama akatazama jani linavyopanda mnazi. Ndiyo maana nampenda.

Uwani kwetu hapakuwa na sultani. Kulikuwa na Bibi, ambaye kila baada ya siku moja au mbili aliamka kabla ya jua, akatia leso kiunoni na kwenda kuchuma. Kuchuma tambuu si kung'oa. Unashika kikonyo, unakibana kwa ukucha wa dole gumba, kinakatika chenyewe. Unachuma ya chini, yaliyokomaa, unaacha ya juu. Jani likipasuka halina bei. Alikuwa anayapanga moja juu ya jengine, migongo upande mmoja, akayanyunyizia maji, akayafunga kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni ili lisivunjike. Asubuhi alipita mtu na baskeli kuyapeleka Wete. Karafuu huja kwa msimu, na mwaka mwengine haiji kabisa. Tambuu huja kila wiki. Karafuu ilijenga nyumba, sikatai. Lakini chumvi, mafuta ya taa, sare ya skuli na nauli ya mtu aliyeugua ghafla, hivyo vilitoka kwenye jani.

Na nyumbani hakukosekana kijaluba. Mgeni akiingia, kabla hajaulizwa alikotoka, husogezewa. Chokaa kidogo kwa ncha ya kidole, katu, popoo iliyokatwa nyembamba, iliki kwa anayependa, tumbaku kwa aliyeizoea. Jani linakunjwa, na mkunjo ule Bibi aliuita uraru, neno ambalo siku hizi naliona zaidi kwenye mashairi ya zamani kuliko midomoni mwa watu. Alikuwa akinikunjia mimi uraru wa uongo, jani na iliki tu, akanambia, "Haya mke mwenzangu, kula na wewe, mume wetu asije akasema nakunyima." Mume wetu alikuwa Babu, na mimi nilikuwa na miaka sita.

Mpaka hapa ningeweza kuandika insha tamu ya Bibi na bustani yake na kuishia hapo. Lakini kuna Shangazi.

Shangazi alikula tambuu tangu usichana wake, na alikula kwa tumbaku. Kwanza mdomo wake ukaanza kuwa mgumu, akawa hawezi kuufungua kwa upana. Tukaona ni meno. Kisha ndani ya shavu pakatoka bato jeupe, kisha kidonda ambacho hakikupona kwa dawa wala kwa dua. Akavushwa Unguja, kutoka Unguja akapelekwa Dar es Salaam, akakatwa sehemu ya ulimi na ya shavu, akapigwa mionzi Ocean Road kwa wiki nyingi. Alirudi. Wengi hawarudi. Lakini alirudi na maneno ambayo sisi wa nyumbani tu ndio tunaoyaelewa, na chakula chake tangu siku hiyo ni uji na mchuzi uliochujwa.

Baada ya hapo nilisoma kila nilichokipata. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lile lililo chini ya Shirika la Afya Duniani na lenye makao yake Lyon, Ufaransa, lilisema tangu 1985 kwamba kutafuna tambuu pamoja na tumbaku kunasababisha saratani. Mwaka 2004 likachapisha jengine zito zaidi, kwamba hata bila ya tumbaku inasababisha, na kwamba popoo peke yake inasababisha. Ule ugumu wa mdomo alioanza nao Shangazi nao una jina lake la kitabibu, na mkosaji wake ni popoo.

Kwa hiyo utaona kwa nini Ami aliposema ataukata mfenesi, hapakuwa na mtu wa kuulilia mtambuu. Baba, mtu mpole ambaye hagombi na kuku, alinambia: "Mwanangu, acha uende na mti wake. Ushatula mmoja."

Nilimjibu, "Baba, uliomla ni popoo na tumbaku. Jani ni kifungio tu."

Akanitazama. "Na mlango nao ni kifungio tu. Lakini mwizi hupita hapo."

Sikuwa na jibu la neno hilo, na mpaka leo nalizungusha kichwani. Ni kweli kwamba jani ndilo lililoiingiza popoo mdomoni. Lilikuwa ni adabu, ni ukarimu, ni posa, ni harusi, na ndani ya mkunjo wa adabu ile kulikuwa na kitu kinachokula mtu polepole, na hakuna aliyejua. Siwezi kuliandikia jani sifa nikalificha hilo. Wala siwezi kuliangukia jani kwa kosa lote. Nenda dukani leo, hapa Mgogoni au Wete au mjini Unguja, uwatazame vijana. Hawali tambuu. Wanatia kuberi mdomoni, tumbaku ya pakti, unachana unatia, mkono mmoja kwenye usukani wa bodaboda. Haina jani, haina sinia, haina mgeni wala mwenyeji. Jani limekosa soko na maradhi yamebaki na soko lake. Kungekuwa na haki, mtambuu ungekatwa na kuberi ingekatwa. Kilichokuwa kinakwenda kukatwa ni mtambuu peke yake, kwa sababu ya bahati ya mti ulioupanda.

Nilikwenda kwa Ami. Nikamwamkia, nikakaa. Nikamwambia, "Ami, mfenesi ni wako, sina neno. Nakuomba mvua tu."

"Mvua ipi?"

"Masika haya. Mtambuu haupandwi kiangazi. N'ache nitoe vipando, masika yakisha, kata."

Akacheka. "Na fundi wa mbao nimwambieje? Nimwambie tambuu ya marehemu haijahama?"

"Mwambie hivyohivyo."

Akanikubalia. Si kwa ajili ya jani, nadhani, ni kwa ajili ya yule marehemu.

Sasa, kutoa kipando cha mtambuu kuna mambo yake, na mimi niliyajua kwa kuona, si kwa kufanya. Aliyekuwa akifanya na Bibi, miaka yote, alikuwa Shangazi. Nilikwenda kumwambia kwa hofu. Nilimkuta amekaa mkekani, anachambua mchele asiokula. Nikamweleza: mti unakatwa, nataka kuuokoa mtambuu, Baba hataki, na wewe ndiye mwenye haki ya kusema. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akachukua kisu jikoni, akakinoa kwenye jiwe, akatangulia mbele.

Uwani hakusema neno, maana kusema kunamchosha. Alifundisha kwa mikono. Kwanza akanionyesha shina la kuchagua: siyo matawi ya pembeni yanayoning'inia, hayo hayana vijizi na yakiota hayapandi vizuri. Unataka shina linalokwea, lililoshika gome, lenye umri wa kutosha likawa si laini kama jongoo wala si gumu kama ukuni. Akalibandua taratibu kwenye mfenesi, asikate vijizi. Akahesabu vifundo kwa kidole: vinne, mitano kwa shina lililo jembamba. Akakata chini ya kifundo, mshazari. Majani ya chini akayatoa, ya juu akaacha mawili, akalikata moja katikati ili lisivute maji mengi. Vifundo viwili vinaingia ardhini, vilivyobaki vinatazama juu. Ukikigeuza kipando kichwa chini hakikusamehe.

Udongo tuliutengeneza kwa samadi ya ng'ombe iliyozeeka na majani yaliyooza ya chini ya mfenesi uleule. Tulipanda kando ya minazi ya Baba, upande usiopigwa na jua la mchana, shimo la kina cha kiganja na kidogo. Kila shimo akalipandishia udongo kama kaburi dogo, ili mvua ikija maji yateremke yasituame. Juu tukaweka makuti ya kivuli. Vipando vilikuwa 12.

Nina rafiki anayeishi Uingereza ambaye nilimwandikia habari hizi, naye akanijibu kuhusu mmea wa huko uitwao hopsi, unaolimwa sana Kent, kusini mashariki mwa nchi ile. Nao unapanda kamba na nguzo, nao una dume na jike mbalimbali, na wanaoulima wanalitaka jike tu, kwa ajili ya vikole vyake vichungu vinavyotiwa katika bia. Familia maskini za London zilikuwa zikihamia mashambani kila mwisho wa kiangazi kuvichuma, mpaka mashine zilipokuja katikati ya karne ya 20. Bia si habari ya Mgogoni, na hopsi yenyewe isingeota hapa, inataka siku ndefu za kiangazi cha kaskazini, na sisi siku zetu ni sawasawa mwaka mzima. Lakini nilisimama pale aliponambia kwamba mkulima wa hopsi naye hapandi mbegu. Anachimba kipande cha mzizi wa mmea anaoujua, anampa jirani. Nikafikiri, kumbe na huko kuna kina Shangazi. Mmea usiotoka kwa mbegu hauwezi kusafiri peke yake, ndege hawaubebi wala upepo. Sharti mtu amwamini mtu.

Masika ya mwaka ule yalikuja kwa nguvu. Wiki ya tatu nilipokuja kutoka Unguja, ninakofanya kazi, nilikuta vipando viwili vimeoza, shina limekuwa jeusi kuanzia ardhini na linanuka. Wiki ya tano vitatu vyengine. Huo ni ugonjwa wa mtambuu uliozoeleka popote unapolimwa. Udongo ukijaa maji, ukungu unaingia mguuni, na majani yanaweza kuonekana mazima huku chini kumekwisha. Shangazi aling'oa vilivyooza pamoja na udongo wake, akavichoma moto mbali, akanifanyia ishara nisipande tena kwenye mashimo hayo. Vikabaki saba. Kwenye wiki ya sita kimoja kikatoa jicho jekundujekundu kwenye kwapa la jani. Shangazi alilifunika kwa kiganja kama anayekinga mshumaa.

Mvua zilipokatika, fundi alikuja na wenziwe na msumeno. Ami alitimiza ahadi na akaongeza: alimzuia fundi mpaka tuushushe mtambuu wenyewe kwanza. Watu watatu tulifanya kazi ile, mmoja juu ya ngazi anabandua, wawili chini tunapokea, na ulikuwa mrefu kuliko nilivyodhani. Shina lake la chini, lile lililobaki tupu bila ya jani kwa sababu ya miaka ya kuchumwa, lilikuwa nene kama kidole gumba cha mguu. Mtambuu mzee ukifika juu majani yake huwa madogo, na dawa yake ni kuushusha. Shina tupu unalizungusha kama kamba ya jahazi, unalilaza ndani ya shimo, unalifukia, kichwa chake unakielekeza kwenye mti mpya. Vifundo vilivyolala vitatoa mizizi, na unaanza upya ukiwa na miguu mingi. Tuliulaza chini ya mnazi wa tatu. Kisha mfenesi ukaanguka. Mbao zake zilitoka za manjano nzuri kabisa, na Ami alinichongeshea kiti cha mbuzi, ninacho jikoni.

Baba hakusema kitu. Lakini siku moja nilimwona anahamisha makuti kutoka kwenye kipando kilichokuwa kimezidiwa na kivuli, akidhani yuko peke yake.

Ule mzee ulikaa miezi mitatu kama maiti, kisha ukatoa machipukizi manne kwa wakati mmoja. Sasa, na vile vipando saba, mnazi unaanza kufunikwa. Majani yamerudi kuwa makubwa. Na majani yakiwepo, watu wanajua. Jirani mmoja, bibi ambaye alikuwa mteja wa Bibi, alikuja kubisha hodi asubuhi akataka majani matano. Nilimpa. Nikamkalisha pia, nikamweleza ya Shangazi, ya popoo, ya tumbaku, na yale ya 2004, kwa heshima na taratibu. Alinisikiliza hadi mwisho, akafunga majani yake kwenye ncha ya kanga.

"Mjukuu wangu," akasema, "mie sina meno tena ya kuvunja popoo. Natia iliki. Nataka kinywa kinuke harufu ya wakati wangu."

Huyo namwuzia. Kwa kweli simwuzii, nampa. Kijana akija na kutaka jani la kufungia popoo, namwonyesha Shangazi alipokaa. Si kwa kumtisha, Shangazi mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Yeye hunyanyua shavu lake kidogo kwa mkono, akamtazama mtu machoni. Wapo waliorudi mikono mitupu. Wapo waliokwenda kununua kwengine. Sina mizani ya kupima nani ameokoka.

Yeye mwenyewe Shangazi alinishangaza na jengine. Aliomba kipando kimoja, akakipanda mlangoni kwake, kwenye mpopoo aliourithi. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamwuliza, "Kwenye mpopoo, Shangazi?" Akasema, kwa yale maneno yake yasiyo na pembe, kwamba mpopoo haujambo ukiwa mti. Popoo zake zikianguka anazifagia, anazichoma na taka. Jioni anakata jani moja, analisugua kati ya viganja, anajifunika uso kwa viganja vile na kuvuta pumzi. Hilo tu.

Wengine wameshaanza kuulizia. Mwalimu wa skuli anataka kimoja kwa bustani ya wanafunzi, mtoto wa jirani aliyeolewa Unguja anataka viwili vya kusafiri navyo. Nimewaambia wote wasubiri mvua. Na wewe msomaji, ukijaaliwa kufika Mgogoni masika yajayo, njoo na kitambaa kibichi na mfuko wa karatasi. Usije na pesa. Njoo asubuhi mapema, kabla ya jua, na mikono iliyonawa, kwa sababu atakayekukatia ni Shangazi, na yeye hukagua kucha za mtu kabla hajamkabidhi.